Wanafunzi kutoka nje wanakuja kuona kikundi chenu? Wapokeeni hivi na kazi isisimame

Habari zenu wapendwa. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama tunaoanika na kuuza dagaa kwenye mwalo mmoja (pale mitumbwi inaposhusha samaki) huku Ilemela, Mwanza, upande wa Igombe. Hii miaka ya karibuni tumekuwa tunapokea wanafunzi wa vyuo kutoka nje, wanakuja Tanzania wiki mbili au tatu kutembelea miradi midogo ya jamii, kwetu wanakaa siku moja au mbili alafu wanaendelea na safari yao. Kila ikifika mwezi wa tano simu zinaanza, dada tumeambiwa wanakuja kwetu, tufanyeje, tupike nini, tuwaombe nini. Nimeona niandike yote hapa mara moja ili hata anayeona aibu kunipigia asome. Naandika nikiwaza vikundi vya huku ziwani, ila hata kama nyie mnasuka vikapu vya gugu maji au mnafuga sato kwenye vizimba, mengi ni yale yale.

Kwanza niwaambie kilichotupata sisi, maana mengine yote nitakayosema yametokana na hapo.

Kundi la kwanza kabisa lilikuja mwezi wa tatu. Mratibu wao alitutumia meseji akauliza waje saa ngapi, tukamjibu "saa 2". Tukajiandaa kweli kweli. Siku hiyo dagaa walikuwa wamepatikana vizuri, tulinunua alfajiri mitumbwi ilipofika tukaanika haraka haraka, alafu wote tukaenda kuoga, tukavaa sare zetu za kitenge, tukakaa chini ya mwembe nyumbani kwa mama mwenyekiti ambako ni mbali kidogo na mwalo. Saa mbili ikapita. Saa tatu, saa nne, tunapiga simu haipatikani. Kila mama anataka kwenda kugeuza dagaa wake lakini anaogopa wageni watafika akiwa ananuka samaki. Saa saba wingu likatanda upande wa ziwani na mvua ikapiga kabla hatujafika mwaloni. Saa nane kamili mchana gari likaingia, wageni wanatabasamu, wamefika kwa wakati. Wao walisoma saa 2 kama sisi tunavosoma saa nane mchana. Ndoo 14 za dagaa zililowa siku ile, tukawauza kama chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, na kuna mama mmoja mtaji wake wote ulikuwa mle. Tuliimba, tulicheza, wageni walifurahi na hawakujua chochote. Yule mama alicheza naye.

Kwaiyo msimamo wetu toka siku ile ni mmoja: mgeni anakuja kuona kazi, basi aikute kazi inaendelea. Akikuta mmeiacha ili mumpokee, atakachoona ni sherehe.

HATUA YA 1: Kaeni wenyewe kwanza mkubaliane kama mnawataka

Usikubali peke yako kwa sababu we ndo una simu ya WhatsApp na kiingereza kidogo. Itisha kikao, wanachama wote waseme. Kuna wengine hawapendi kuangaliwa wakifanya kazi na wana haki yao, kuna mwingine kuna mtu anamdai hataki picha yake izunguke, kuna mwingine mume wake hajui kama yupo kwenye kikundi. Kubalianeni nani ataongea, nani hataki kupigwa picha, na maswali gani hamtajibu. Andikeni kwenye daftari la vikao. Na mkikubaliana hapana, jibu hapana kwa heshima, haitawapunguzia kitu.

HATUA YA 2: Muulize mratibu maswali yako kabla yeye hajakuuliza yake

Hawa wanafunzi huwa hawaji wenyewe, kuna mtu kati, anaweza kuwa mwalimu wao, kampuni ya utalii ya mjini au shirika. Huyo ndo wa kumbana mapema. Wako wangapi? Sisi hatupokei zaidi ya 12, wakizidi hapo wanakuwa umati, mama anaongea wa nyuma hawasikii wanaanza kucheza na simu. Wanasomea nini? Maana wanaosomea afya wataangalia vyoo na maji, wa biashara wataangalia madaftari, wa mazingira watauliza habari za samaki kama sangara na furu. Wamepewa kazi gani ya kuandika? Hili usilisahau, mara nyingi wana ripoti ya kuandika inayowapa maksi, ukijua mapema wanatafuta nini utawapangia mtu sahihi wa kuongea nao badala ya wote kurundikana kwa mama mwenyekiti. Na muulize waziwazi wanafunzi wamelipia shilingi ngapi safari nzima na kati ya hiyo kikundi kimewekewa nini. Mnaweza msijibiwe, lakini ulizeni, anayejibu bila kukasirika ndo mtu wa kufanya naye kazi.

HATUA YA 3: Tarehe ipangwe kwa mwezi wa angani

Hapa naomba mnisikilize vizuri wenzangu wa dagaa. Wao kalenda yao ni ya likizo za vyuo, wengi wanakuja kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, nashukuru kwamba huo kwetu ni kiangazi, jua lipo. Lakini ndani ya huo mwezi kuna giza na kuna mbalamwezi, na dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza. Ukiwaleta mwezi ukiwa mpevu watakuta mitumbwi imeegeshwa, wavuvi wanashona nyavu, vichanja (zile meza za wavu za kuanikia dagaa) vitupu, wataandika kwenye ripoti kwamba kikundi hakina kazi. Ilishatokea kwa wenzetu. Kwaiyo mratibu akikutumia tarehe, kabla hujamjibu fungua kalenda inayoonyesha mwezi au muulize mvuvi yeyote, atakwambia bila kufikiri. Kama tarehe imeangukia mbalamwezi na haibadiliki, sema ukweli, waambie hiyo ni wiki ya kukarabati na kupiga hesabu, waje waone hesabu, nayo ni kazi.

Na ulize ratiba yao nyingine. Wengi wakitoka Mwanza wanaenda Serengeti kwa kupitia geti la Ndabaka njia ya Musoma, ukiona siku ya kwenu ndo siku hiyo hiyo ya safari ujue mtapewa saa moja na nusu na dereva anapiga honi. Omba siku nzima au nusu siku ya asubuhi. Kama wanataka na utamaduni, Bujora pale Kisesa kuna makumbusho ya Wasukuma yenye wenyewe wanaojua kueleza, waende huko kwa siku yao, wasitake ngoma zote wazikute kwenu.

Saa iandikwe kwa maneno. "Saa moja kamili asubuhi", na pembeni weka 7:00. Tusirudie ya kwetu.

HATUA YA 4: Serikali ya mtaa, na vibali

Mwambie mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata angalau wiki moja kabla, kwa barua fupi yenye idadi ya wageni, wanatoka wapi, wanalala wapi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata naye ajue, huyu ni mtu wenu, ndo mnayepitia kwake mkitaka mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri. Na mwaloni kuna uongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, usiingize kundi la wageni mwaloni bila wao kujua, watakuwa na haki ya kuwauliza nyie ni nani.

Kuhusu visa. Mgeni wa matembezi anaomba visa kwa mtandao, ni dola 50, Wamarekani wanalipa dola 100. Hiyo ni ya kutembea na kuona. Hairuhusu kazi hata kama ni ya kujitolea bila malipo, na hapa vikundi vingi vinajiingiza matatizoni bila kujua, mnawapa wanafunzi wafundishe darasa wiki nzima au wajenge choo, afisa uhamiaji akipita ni shida kwao na kwenu. Kama mratibu anasema watafanya kazi ya kujitolea, mwambie aende ofisi ya uhamiaji ya mkoa aulize kibali kinachofaa kabla hawajasafiri. Na akisema ni utafiti, yaani wana dodoso, wanahoji watu na majibu wanayachapisha, basi kuna kibali cha COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, na ukigusa afya za watu kuna idhini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Usione aibu kuomba kuona karatasi. Mgeni wa kweli anayo kwenye begi.

HATUA YA 5: Pesa

Nitakaa hapa kidogo maana hapa ndo vikundi vinavunjika. Siyo kwa sababu watu ni wezi. Ni kwa sababu pesa inatolewa vibaya. Mgeni mwenye huruma anafungua waleti mbele ya watu 20 anampa mama mmoja noti, labda kwa kuwa alimwona ana mtoto mgongoni, na kuanzia jioni ile hakuna anayemsalimia mwenzake.

Sisi tunafanya hivi. Tunapiga gharama za kuwapokea kabla, kwa uwazi: chakula, maji, usafiri wa mkalimani, na fidia ya mda. Fidia ya mda ni nini, ni kwamba mama anayekaa kueleza masaa mawili analipwa kama kibarua anavolipwa mwaloni kwa masaa hayo hayo. Tunamtumia mratibu hesabu ile wiki mbili kabla, analipa kwenye akaunti ya kikundi, tunampa risiti. Baada ya hapo siku ya ziara hakuna pesa inayoguswa. Hakuna bakuli linalozungushwa. Na wageni wenyewe wanaambiwa kabla kwamba wasimpe mtu mmoja mmoja pesa, anayetaka kuchangia kuna akaunti, na kila shilingi itakayoingia itasomwa kwenye kikao.

Wengine wataniambia dada unawafukuza wafadhili. Kwa mwaka wa kwanza tulipofanya hivo kweli mratibu mmoja alikata mawasiliano na sitamtaja. Waliobaki wamekuwa wanarudi. Mwanafunzi anapoelewa pesa ilikoenda anakuwa na amani, hata wao wanateseka na ile hali ya kuangaliwa kama mfuko wa hela unaotembea, binti mmoja aliniambia hivo machozi yakimlenga, nami nikamwelewa kabisa.

Na tafadhali msiandike mahitaji yasiyo ya kweli. Mkiulizwa mnahitaji nini semeni kile ambacho mngekinunua wenyewe kama mngekuwa na hela: mirunda na nyavu za vichanja, maturubai ya kufunika mvua ikija, mizani. Kompyuta ambayo hakuna mwenye kuitumia itakaa kabatini, na mwakani mtaona aibu wakiuliza iko wapi.

HATUA YA 6: Watumieni maelezo kabla hawajapanda ndege

Karatasi moja inatosha. Ya kwetu ina haya.

Nguo: gauni au sketi ndefu au suruali pana, kaptula fupi waache hotelini, na viatu vya kufunga maana mwaloni kuna mifupa na ndoano. Waache nyumbani mifuko ya plastiki, ilipigwa marufuku nchini toka tarehe 1 Juni 2019, wengi wanaweka zawadi humo. Droni hairushwi bila kibali. Wakipitia na kukaa Kenya au Uganda kabla ya kuingia kwetu wawe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Malaria ipo, dawa za kinga wazungumze na daktari wao huko huko. Salamu wajifunze kwenye ndege: shikamoo, marahaba, hujambo, na za Kisukuma mbili tu, "mwangaluka" ya asubuhi na "wabeja" ya kushukuru. Huwezi kuamini vile "mwangaluka" ya mgeni inavofungua uso wa bibi. Na waambieni wasishangae kusalimiana kukichukua mda, hapo ndo kazi imeanza.

Tunaandika pia kwamba sio kila mgeni ni mzungu na sisi tunajua. Kuna mwaka alikuja binti mzaliwa wa London, wazazi wake Wanigeria, akina mama wakawa wanamsemesha Kisukuma yeye tu siku nzima na kumwacha bila kumpa kiti wakidhani ni mkalimani. Alivumilia, lakini aliumia. Kwaiyo siku hizi tunawaambia wanachama mapema, mgeni ni mgeni awe wa rangi yoyote, wote wanakaribishwa sawa.

HATUA YA 7: Siku yenyewe

Tunawataka saa moja kasoro asubuhi mwaloni, wakiwa wameshakunywa chai. Wanafika mitumbwi ikiwa inashusha. Hatuwapangii mstari wa kuwapokea, mwenyekiti na mimi tunawasalimia, wengine wanaendelea kupigania bei na wavuvi, maana mvuvi hakusubiri na dagaa hawasubiri. Wageni wanasimama pembeni wanaangalia. Dakika 20 za mwanzo tunawaomba wasipige picha na wasiulize kitu, waangalie tu.

Alafu tunawapeleka kwenye vichanja. Pale ndo tunawapa kazi ya mikono, kazi ndogo ambayo hawawezi kuiharibu: kusambaza dagaa kwenye wavu. Inaonekana rahisi. Mgeni anamwaga beseni, wanarundikana, anajaribu kuwatandaza kwa kiganja wanamng'ang'ania vidoleni na magamba yanang'aa mpaka kwenye saa yake. Mama anamshika mkono, anamwonyesha vidole vimepanuliwa kama reki, unavuta kwako taratibu mpaka kila dagaa amelala peke yake na unaona wavu katikati. Hapo ndo mgeni anauliza swali lake la kwanza la maana, kwa nini juu ya wavu na siyo chini mchangani kama wale wenzenu pale. Basi unamwonyesha: upepo unapita chini na juu, wanakauka haraka, hawana mchanga, kuku hawafiki, na mteja wa mjini akitafuna hasikii jino linakwaruza kwaiyo analipa zaidi. Ukimweleza hivo akiwa ameinama kwenye kichanja hatasahau, ukimweleza kwenye kiti na karatasi ukutani ataandika tu.

Saa nne jua likikolea tunakaa kivulini kuongea, nusu ya akina mama wanakaa na nusu wanageuza dagaa, baada ya nusu saa wanabadilishana. Hii zamu ni lazima.

Mkalimani ni mtu wa kumchagua kwa makini. Kijana wa hoteli anayejua kiingereza cha watalii hajui kichanja ni nini, atatafsiri anavojua. Sisi tunamtumia binti wa mwanachama mmoja aliyemaliza chuo hapa hapa Mwanza, amekua anaanika dagaa na mama yake. Wapo bibi wanaojieleza vizuri kwa Kisukuma au Kikerewe kuliko Kiswahili, waacheni waongee lugha yao, binti atafsiri, hata kama inachukua mda. Bibi akilazimishwa Kiswahili anasema sentensi mbili anyamaze, na mgeni anadhani hana la kusema.

Na waandaeni wageni kwenye maswali. Swali wanalolipenda ni "unapata shilingi ngapi kwa mwezi". Mara ya kwanza mama aliyeulizwa alinyamaza kabisa, wageni wakafikiri wamemkosea adabu. Kumbe tatizo hana jibu, hakuna mtu wa dagaa anayehesabu kwa mwezi wa mshahara. Sisi tunahesabu kwa giza, yaani zile siku za kuvua kati ya mbalamwezi moja na nyingine. Waambieni waulize hivi: giza lililopita ulinunua ndoo ngapi, ulibakiwa na nini, ulifanyia nini. Mama yule yule alipoulizwa hivo aliongea robo saa, ada ya mtoto, bati tatu, deni la mfanyabiashara wa Kirumba, vyote kwa kumbukumbu ya kichwa, na wanafunzi wakaandika mpaka kalamu zikaisha wino.

Nanyi waulizeni. Ziara nyingi zinakuwa maswali ya upande mmoja kama polisi. Waulizeni kwao mama anayefanya biashara ndogo anapata wapi mtaji, bibi zao wanaishi na nani, ada ya chuo wanalipaje. Siku tuliyosikia kwamba wanafunzi wengi wa Marekani wanasoma kwa mikopo na wanailipa miaka mingi baada ya kumaliza, akina mama walisogeza viti karibu. Kumbe na wao wana VICOBA yao ya kutisha, alisema mmoja.

Chakula ni ugali na sato au dagaa wenyewe, na tunaweka michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) pembeni waonje. Msikope kununua soda za kreti mbili na kuku watano. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa, na maji ya kunawa yenye sabuni kwa kila mtu.

HATUA YA 8: Watoto na picha

Hapa sina mjadala. Sheria ya Mtoto ipo toka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi toka 2022, lakini hata zisingekuwepo, mtoto wa mtu siyo kivutio. Watoto wa mwaloni wakiona gari la wageni wanakuja mbio, ni wazuri, wanacheka, na mgeni anambeba mmoja begani anapiga picha anaiweka mtandaoni na maneno ya kusikitisha, wakati yule mtoto ana baba na mama na amekula sato asubuhi. Picha ya mtoto inapigwa mzazi akiwepo na akiwa amekubali, bila jina, bila sare ya shule inayoonyesha shule gani. Pipi hazigawiwi. Siku ya ziara kama ni siku ya shule, watoto wawe shule, msiwabakize nyumbani ili waimbe.

Na kwa wale wenye vituo vya kulea watoto naomba nawaambia kwa upendo, msikubali wanafunzi wa siku mbili waje kucheza na kukumbatia watoto kisha waondoke. Mtoto aliyeshaachwa mara moja anazoea mtu siku ya kwanza, siku ya pili mtu kapotea, na mwezi ujao linakuja kundi lingine. Wageni waongee na walezi na afisa ustawi wa jamii, waone hesabu na mpango wa kuwarudisha watoto kwa ndugu zao. Kuna wageni watakaochukia, lakini wanaosomea mambo haya kwa dhati wenyewe wanajua na watawaheshimu zaidi.

Picha za watu wazima, ombeni kila mmoja, na wale waliosema hawataki kwenye kile kikao cha kwanza sisi tunawavalisha kitambaa cha njano kichwani. Mgeni anaambiwa, kitambaa cha njano kamera chini. Inafanya kazi vizuri sana.

HATUA YA 9: Ziwa

Jua likiwaka saa sita wageni wataliona lile ziwa linang'aa watataka kuogelea, na wataona watoto wetu wamo. Wakatazeni. Kichocho kipo kwenye maji ya ufukweni, vijidudu vinatoka kwa konokono na vinaingia kwenye ngozi kwa dakika chache tu, hata kusimama majini kwa magoti kunatosha. Aliyeingia kwa bahati mbaya ajue kuna kipimo na kuna dawa, praziquantel, amwambie daktari wake akirudi kwao hata kama hajisikii mgonjwa. (Na sisi wenyewe tunaosimama majini kila siku kushusha dagaa tusikwepe zile siku za kugawa dawa, hili nasema kwa wanachama wangu pia.)

Kupanda mtumbwi, kwetu ni asubuhi tu kabla upepo haujaamka, laifu jaketi moja kwa kila kichwa, imefungwa, nahodha anajulikana na BMU, na idadi inahesabiwa kwa sauti kabla ya kuondoka. Chombo kikionekana kimejaa tunashuka. Sisi watu wa ziwa hili tuliizika MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere pale Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 kwenye hiyo ya pili peke yake, kwaiyo mgeni akisema "tubanane tu tutafika" unamjibu hapana bila kuona haya.

Namba ya zahanati ya karibu na ya gari la dharura ziwe kwenye simu ya watu wawili. Hospitali kubwa zaidi ni Bugando, Mwanza mjini.

HATUA YA 10: Zawadi na zile kazi za kujitolea

Zawadi zinapokelewa na kikundi, zinaandikwa, zinagawiwa wageni wakishaondoka. Nguo za mitumba wasilete, soko lake tunalo. Kuhusu kupaka rangi madarasa na kuchimba misingi: kila mara mwanafunzi asiyewahi kushika brashi anapopaka ukuta kuna kijana fundi wa mtaa huo huo amekaa kwenye jiwe anaangalia kazi yake ikipita. Mwambieni mratibu amlipe fundi, wanafunzi wamsaidie kubeba maji na wajifunze kwake. Tulifanya hivo kwenye banda letu la kuhifadhia. Fundi ndo alikuwa mwalimu na alitembea siku ile kifua mbele.

HATUA YA 11: Wakishaondoka

Ndani ya wiki moja kaeni kikao. Someni pesa iliyoingia na iliyotoka, kila mmoja aseme kilichomkera, amueni kama kundi la mwakani lije. Mama yeyote akisema alijisikia vibaya, msimkatishe.

Alafu daini ripoti. Hii watu hawaifanyi kabisa. Wamewahoji, wameandika, wamepata maksi, basi na nyie msome mlichoandikiwa. Sisi tunaweka sharti hilo toka mwanzo kwenye meseji na mratibu. Mwaka jana ilikuja kwa kiingereza kurasa 18, tukamwomba mwalimu wa sekondari ya jirani akaja jumapili baada ya ibada akatusomea kwa Kiswahili, akina mama wamekaa kwenye mikeka wanachambua dagaa huku wanasikiliza. Walifurahi kusikia maneno yao wenyewe mle ndani. Ila ukurasa wa sita walikuwa wameandika kwamba tunanunua dagaa kwa kilo na wakapiga hesabu zote za faida kwa kilo. Bibi mmoja akasimamisha usomaji, akasema waandikieni kwamba mvuvi anauza kwa ndoo, na ndoo ya giza la kwanza mwezi unapoanza kuisha sio sawa na ndoo ya katikati, dagaa wanakuwa wakubwa tofauti. Nikawaandikia usiku ule ule. Baada ya siku tisa wakatutumia ripoti mpya, wamefuta kilo zote, na chini ya ukurasa wa sita wameandika kwamba wamesahihishwa na mwanachama wa kikundi.